Matanga ya Kitabu Kizima

Kitabu kiliporudi kutoka Bukoba kilikuwa kimenenepa.

Si ule unene wa kusingiziwa, mtu akitoka likizo wakamwambia "umependeza" kumbe wanatafuta zawadi. Kilikuwa kimenenepa kweli. Ukanda wa ngozi uliokifunga ulikuwa umesogea matundu mawili, na bado kilihema kama mzee aliyetoka karamuni. Punda wa chuma aliyekileta alipiga magoti mbele ya maktaba ya Tukuyu, akapuliza mvuke puani, akasema kwa sauti yake ya bati, "Mzigo mmoja. Weka kidole." Bwana Asubisye Mwaikambo, mkutubi wa hapo kwa miaka thelathini na mmoja, aliweka kidole bila kumtazama punda. Macho yake yalikuwa kwenye yale matundu mawili.

"Kimelishwa," alisema.

"Kimesomwa," alisahihisha Mama Ipyana, mshonaji wa vitabu wa maktaba, ambaye ukanda ule aliushona kwa mkono wake.

"Na harufu hii je?"

Mama Ipyana akainama, akanusa taratibu kama anayeonja mboga ya jirani. "Senene," alisema. "Wale panzi, wa kukaanga. Na kitunguu kidogo."

Asiyejua vitabu vya ukungu atamcheka Bwana Asubisye, basi tumwelewe kwanza. Karatasi za vitabu hivyo zilitengenezwa kwa magamba ya mgomba, zikapandwa ukungu mweupe, mwembamba kuliko utando wa buibui. Kurasa arobaini za kwanza ziliandikwa na mtu, kwa wino, kama zamani. Baada ya hapo kitabu kilijiendeleza chenyewe. Ukikisomea kwa sauti, pumzi yako iliingia kwenye nyuzi, nyuzi zikavimba, na kesho yake ukakuta mstari ambao hukuuandika wewe wala mwandishi hakuuota. Na hakikunakiliwa. Wapo waliokipiga picha ukurasa kwa ukurasa, wakaambulia kitu kama picha ya mtoto: ni yeye, ila ni yeye wa siku ile, na mwenyewe kashaota meno. Ndiyo maana hata zama zile, watu wakitumiana ugali kwa waya na ukafika wa moto, vitabu bado vilisafiri kwa miguu. Maktaba sitini na tatu zilifungwa pamoja kwenye Orodha moja, ya wote. Ukitaka kitabu kilichoko Masasi unaiambia Orodha, Orodha inamwamsha punda.

Sheria ilikuwa moja tu: kitabu cha ukungu kisisomwe na mtu mmoja peke yake. Kila mwaka kiazimwe nje. Sababu yake Bwana Asubisye alifundishwa chuoni, akaijibu vizuri kwenye mtihani, akaisahau.

Kitabu chenyewe kiliitwa Mito Saba ya Rungwe. Kwa miaka kumi na miwili, kilipokuwa nyumbani, alikisomea kila asubuhi saa nne, baada ya chai, kabla ya wasomaji wengine. Mke hakuwa naye. Aliwahi kukaribia kuoa, akachelewa akipanga kadi. Kila asubuhi kitabu kilimwandikia, Ugonile, mwenyeji wangu, yaani umelalaje, kisha mstari au miwili juu ya maji na mvua. Katika miaka hiyo yote kilikuwa kimeota kurasa kumi na tisa.

Sasa alikifungua palepale mlangoni akahesabu kurasa mpya. Akahesabu tena, kwa kidole kilicholowa mate.

"Arobaini na moja," alisema. "Miezi mitatu!"

"Soma basi, acha kuhesabu."

Akasoma wima. Leo Ta Rwechungura amesema maji. Leo amesema maji yangu. Leo amecheka, chozi lake likanidondokea, nimekunywa. Halafu, ukurasa uliofuata: Bi Kokugonza ana mikono ya joto. Akinifungua hanilazimishi.

Bwana Asubisye akaitazama mikono yake mwenyewe, ya baridi kama chura, maana Tukuyu mvua haina likizo.

"Kuhusu mimi kiliwahi kuandika nini?"

"Kiliandika una mafua," alisema Mama Ipyana.

"Mara moja."

"Mara tano. Nimekishona, nakijua."

Asubuhi iliyofuata, saa nne kamili, alikaa mahali pake, akafungua, akakuta maandishi yamekwisha kuota: Waitu, ugonile.

"Waitu ni nini?"

"Kihaya hicho," alisema Mama Ipyana, uzi mdomoni. "Neno la heshima. Ni kama kusema, wa kwetu."

"Wa kwetu!" Bwana Asubisye akasimama, kiti kikaanguka. "Kwetu wapi?"

* * *

Wiki ya tatu, Orodha iliita. Ilikuwa na sauti ya mama mtu mzima asiye na haraka, nayo ilitokea kwenye pembe ya bati iliyotundikwa juu ya meza ya mkutubi.

"Tukuyu, hamjambo. Mito Saba ya Rungwe kinaombwa Bukoba, mara ya pili. Msomaji: yule yule."

Maneno hayo mawili ya mwisho yalimpata Bwana Asubisye penye mbavu. Yule yule! Yaani kuna mtu huko, na mtu huyo yupo tu, anangoja.

"Ni nani huyo?" aliuliza, ingawa hakuna fomu inayomruhusu mkutubi kuuliza hivyo.

"Mzee Rwechungura, Ta kwa Kihaya. Alipigwa na kiharusi, akapoteza uwezo wa kusema. Kitabu hiki huandika anachokusudia, naye hukisoma kwa sauti. Amefikisha maneno mia na nne. Mtunzaji wake ni mkutubi, Bi Kokugonza. Nimwamshe punda?"

Hapo ndipo mtu mwema angesema mwamshe. Na Bwana Asubisye alikuwa mtu mwema, muulize yeyote Tukuyu. Aliwahi kumpelekea kipofu mmoja kitabu kilomita ishirini, akamsomea na kurudi. Lakini kichwani mwake aliona mikono ya joto. Aliona kitabu kinafunguliwa bila kulazimishwa.

"Hakiwezi kusafiri," alisema.

"Sababu? Kimeazimwa, kinashonwa, kimepotea, au kimekufa?"

Akafikiri upesi. Angesema kimeazimwa, Orodha ingeuliza wapi. Angesema kinashonwa, ingedai sahihi ya Mama Ipyana, na Mama Ipyana hasemi uongo hata kwa mgonjwa. Angesema kimepotea, punda sita wangeletwa kunusa wilaya nzima.

"Kimekufa," alisema.

"Poleni sana. Kimekufa kwa nini?"

"Mchwa."

"Poleni, Tukuyu. Nakifuta. Mkumbuke, kitabu kilichofutwa hakirudishwi. Labda kiandikwe upya kama kichanga."

Kwenye chumba cha kushonea sindano ilikuwa imesimama. Mama Ipyana alitokeza kichwa mlangoni.

"Asubisye."

Hakumwita bwana. Walisoma darasa moja, na jina tupu alilitunza kwa siku kama hizi.

"Usianze," alisema Bwana Asubisye.

"Sijaanza. Nataka kujua tu, huyo marehemu utamweka wapi?"

"Kabatini."

"Njia ya mwongo ni fupi," alisema Mama Ipyana. "Na yako naona ni hatua nne, kutoka mezani mpaka kabatini." Akarudi kwenye sindano yake.

* * *

Siku ya kwanza ilikuwa tamu. Saa nne alifunga mlango, akafungua kabati, akakisomea kitabu chake kurasa sita bila kupumzika, na kabla hajamaliza alikiambia neno moja ambalo hakuwahi kumwambia mtu: "Nimekukumbuka." Kesho yake kulikuwa na mstari: Nimekukumbuka.

Aliubusu ukurasa, Mungu amsamehe.

Siku ya tatu akakiambia kwamba Bukoba kuna joto na mbu. Kesho yake: Bukoba kuna joto na mbu. Siku ya tano akakiuliza, kwa ujanja, kama mikono ya mtu fulani kweli ilikuwa ya joto. Kesho yake kitabu kikauliza: Mikono ya mtu fulani kweli ilikuwa ya joto? Siku ya saba hakusema kitu, alikohoa tu. Asubuhi ya nane alifungua akakuta neno moja limejaa ukurasa mzima, mistari thelathini na miwili, iliyonyooka kama mahindi shambani: Kho. Kho. Kho. Kho.

Akarudi nyuma kutafuta mito. Kurasa za Bukoba zilikuwa zimeanza kufifia. Pale palipoandikwa Leo amecheka palibaki Leo, na juu yake, kwa ukungu mchanga, palikuwa pameota nimekukumbuka.

Ndipo mtihani wa chuo ukamrudia, swali la nne, alama kumi. Eleza ugonjwa wa mwangwi. Naye aliandika kwa mwandiko mzuri, akiwa kijana mwenye nywele: Kitabu kinachovuta pumzi ya mtu mmoja humwiga mtu huyo, kisha hula kurasa zake kupata nafasi ya kumwiga zaidi, mpaka kinabaki yeye.

Alikaa sakafuni, mgongo kwenye kabati. Alikuwa amepata alichokitaka, kitabu kisichomjua mtu mwingine. Na hakikuwa na la kumwambia.

Kwa upande wa pili, rambirambi zilikuwa zinamiminika. Hilo hakulifikiria kabisa, na kwa watu wa misiba kama sisi ni kosa la ajabu: kuua bila kukumbuka kwamba msiba una wageni. Maktaba ya Nzega ilituma pole. Kondoa walituma pole na aya nzima ya sifa za marehemu. Masasi waliuliza matanga yanaanuliwa lini. Wasomaji wa mjini walianza kuja na kuni. Mwanamke mmoja wa Kyimbila alimwaga machozi mlangoni, akasema kile kitabu kilimwonyesha chemchemi ya bibi yake, akaondoka akiwa amekunywa chai vikombe vitatu.

Kisha pembe ikasema, "Tukuyu, hamjambo. Bukoba wanakuja kuzika. Wako Songwe, wameshuka na ndege ya jua. Wapikieni."

"Wangapi?" aliuliza Mama Ipyana.

"Mmoja. Bi Kokugonza."

Mama Ipyana akamgeukia Bwana Asubisye, uso umekaza kama ngoma, ila tumbo lake lilikuwa linatikisika kwa kicheko. "Mimi nipike ndizi za mbalaga," alisema. "Mgeni wa msiba halali njaa. Wewe katafute maiti."

* * *

Alikwenda kwenye kichuguu nyuma ya choo, akajaza chungu kidogo cha udongo mlaini, akachanganya na mabaki ya jarida la kilimo. Alipokuwa akikoroga alijisemea kwamba huyo mwanamke atakuja na maringo, na akija na maringo basi dhambi itakuwa nusu kwa nusu.

Hakuja na maringo. Alikuwa mfupi, mnene, amejifunga kanga mbili nyeusi, na viatu vyake vimejaa tope kwa sababu alishuka barabarani akatembea. Mtu haendi msibani kwa kishindo, alisema. Chini ya kwapa alibeba kitambaa cha gome la mti, lubugo, cha kumvisha marehemu. Mkononi alikuwa na kikapu cha kahawa ya kutafuna na kopo la senene.

"Pole, kaka yangu," alisema, akamshika mikono yote miwili.

Ilikuwa ya joto. Bwana Asubisye alitamani ardhi ipasuke.

Walikaa mkekani, kati ya rafu. Bi Kokugonza alipokea kile chungu kama anayepokea mtoto mchanga, akakisogeza puani, akafumba macho.

"Hakinuki senene," alisema taratibu.

"Mchwa wamekula kila kitu," alisema Bwana Asubisye. Sauti yake ilimtoka kama ya punda wa chuma.

"Nimekuja kuzika, kaka, lakini nimekuja na kosa pia. Wiki ya mwisho, nikikisoma jikoni, mafuta ya senene yalinimwagikia kwenye mgongo wa kitabu. Nilifuta, nikaona aibu kuandika kwenye Orodha. Mimi hapa, mwenye miaka hamsini na tatu, nikaficha doa!" Machozi yalikuwa yanashuka bila kelele. "Ni mafuta yale yaliyowaita mchwa. Nimekiua mimi."

Mama Ipyana alikuwa anapakua mbalaga. Mwiko ulisimama hewani.

"Mzee wetu anajua," aliendelea Bi Kokugonza. "Tangu apate habari amerudi kuwa kimya, hata maji hasemi. Ila ameandika hii, siku mbili nzima, kwa mkono wa kushoto." Akatoa kikaratasi kilichokunjwa kwenye pindo la kanga. Herufi zilikuwa zimepinda kama mizizi. Pole mwenye kitabu. Wewe ulikuwa nacho kabla yangu. Umefiwa zaidi.

Bwana Asubisye alisoma mara tatu. Wivu wake ulikuwa umempiga picha huyo mzee kwa siku nyingi: mtu mrefu, mwenye fimbo ya fedha, anayecheka. Hakuwahi kuwaza kwamba yule mzee naye huko aliko alikuwa akimfikiria yeye, na kwamba angempisha kiti cha mbele msibani.

Akainuka. Hatua nne, kama Mama Ipyana alivyopima. Akafungua kabati.

"Dada," alisema, "hukuua mtu."

Bi Kokugonza alikitazama kitabu. Akatazama chungu. Akarudi kwa Bwana Asubisye, na kitu kikaanza kupanda shingoni mwake, kikapita mashavuni, kikafika machoni, na hakikuwa kicheko.

"Nimelia kutoka Bukoba," alisema. "Ndani ya ndege mtu kanipa leso. Nimenusa udongo wa kichuguu!"

"Wa nyuma ya choo," alisema Mama Ipyana, ambaye hasemi uongo.

"Kwa nini?"

Angeweza kusema sheria, au unyevu, au uzee. "Kilikuandika mikono," alisema Bwana Asubisye. "Mimi kiliniandika mafua."

Nje mvua ilianza upya, kana kwamba ilikuwa imekwisha. Bi Kokugonza alikichukua kitabu, akakifungua magotini mwake, pale penye kho kho kho, akaweka kiganja juu ya ukurasa. Alisema kwa sauti ya chini, "Waitu, nani kakufanyia hivi?" Na mbele ya macho yao, polepole kama maziwa yanavyoganda, kho ya mwisho ikalegea, ikayeyuka, ikaota neno moja: Maji.

Wivu ni mdudu mgumu. Hata hapo, akiwa na aibu hadi kwenye nyayo, Bwana Asubisye alihisi ukimtafuna: kwake kilikohoa, kwa huyu kimesema.

"Nakichukua leo," alisema Bi Kokugonza. "Iite Orodha."

Pembe ikaitwa. Ikaelezwa. Haikukemea.

"Kilichofutwa hakirudi," ilisema. "Naandika kichanga. Jina, Mito Saba ya Rungwe. Kiko Tukuyu, kinakwenda Bukoba. Nani ameazima?"

"Mimi," alisema Bwana Asubisye kwa mazoea.

"Neno hilo lina ncha mbili, Bwana Asubisye, na safari hii sina kumbukumbu ya kuniongoza. Umeazima ukatoa, au umeazima ukapokea? Ukiwa ulitoa, kitabu ni cha Tukuyu, kinakwenda ugenini. Ukiwa ulipokea, ni cha Bukoba, kinarudi kwao."

Bi Kokugonza alikuwa anakunja lubugo lake. Hakuinua kichwa. Mama Ipyana naye aligeukia sufuria, ila shingo yake ilikuwa imesimama.

Kusema nilitoa ingekuwa kweli. Kilizaliwa hapa, ukanda ulishonwa hapa, mito yote saba ilipita hapa. Asingekuwa anaongeza uongo hata chembe. Lakini mwenye mali ndiye anayeulizwa kila mara, nimwamshe punda? Naye alijijua. Safari hii angesema mwamshe. Safari ijayo pia. Halafu ingekuja asubuhi moja ya mvua, saa nne, na kitabu kingeandika mikono ya mtu mwingine, naye angewaona mchwa. Mpokeaji haulizwi hivyo. Mpokeaji hupewa tarehe, na tarehe ikifika anarudisha, apende asipende.

"Cha kuazima hakisitiri matako," alinong'ona Mama Ipyana, si kwa kejeli.

"Yangu yameshaonekana," alisema Bwana Asubisye. Kisha kwa pembe: "Nilipokea. Kinarudi kwao."

Bi Kokugonza aliinua kichwa.

"Imeandikwa," ilisema Orodha.

Bi Kokugonza alikivisha kile kitabu lubugo ambalo lilikuwa sanda, sasa likawa mbeleko, akakifunga mgongoni kabisa, kama mtoto. Mlangoni aligeuka. Hakuwa amesamehe, hilo lilionekana kwenye kidevu. Lakini aliacha kikapu, na kopo aliliacha.

"Kule kwetu siku za kuazima ni kumi na nne," alisema. "Simwongezei mtu. Na doa la mafuta likizidi, nitajua si langu."

Alipokwisha kupotea kwenye mvua, Bwana Asubisye alikaa mezani pake, akasafisha koo. "Orodha," alisema, "naomba kitabu."

Pembe ilikohoa kidogo. Nadhani ilikuwa inacheka, ingawa walioitengeneza wanakana. "Bukoba, hamjambo. Mito Saba ya Rungwe kinaombwa Tukuyu. Msomaji: yule yule." Kisha, kwake: "Kuna mzee mbele yako. Uko wa pili."

Mama Ipyana alikuwa amelifungua kopo zamani, anatafuna, macho kwenye dari kama mtu anayesali. Akalisukuma mezani. Bwana Asubisye alilitazama kwa chuki, akachukua senene mmoja kwa ncha za vidole, akamweka mdomoni, akamtafuna kwa hasira mpaka mwisho.

Hakusema ni mtamu. Akachukua wa pili.